Maharagwe Yaliyokataa Kuota

Wanafunzi walimwita Mwalimu Tazama, na jina hilo lilimkaa vizuri kuliko alilopewa na wazazi wake. Alifundisha sayansi darasa la nne, katika shule ya msingi ya mtaani yenye kuta za matofali yasiyopigwa lipu kwa nje. Ukimwendea na jibu, anakuambia tazama. Ukimjibu kwamba umeshatazama, anakuambia hujatazama, umepitisha macho tu.

Alikuwa mwanamke mrefu, mwembamba, mwenye sauti ndogo na hasira kubwa. Hasira zake hazikuwa za kelele. Zikimpanda alinyamaza, midomo ikabana kama mshono, mikono ikaanza kutetemeka hata chaki ikagongagonga ubaoni. Mumewe, fundi cherehani mwenye kibanda mbele ya nyumba yao, alikuwa akisema laiti hasira za mke wake zingekuwa umeme, mtaa mzima usingelipa bili. Aliyasema hayo mbele yake, si nyuma ya mgongo wake, na pengine ndiyo maana walidumu.

Hasira yenyewe ilikuwa na asili. Alipokuwa darasa la tatu waliambiwa wachore jani. Wenzake walichora majani ya kichwani. Yeye alitoka nje akachuma jani, akalichora kama lilivyokuwa, upande mmoja limeliwa na mdudu, ncha imekauka na kujikunja. Mwalimu wao alimchapa mbele ya darasa, kisha akamfungulia kitabu na kumwonyesha jani zima, lililonyooka, lisilo na tundu hata moja. Akamwambia hilo ndilo jani. Mtoto hakulia. Alikaa na jani lake mkononi mpaka kengele ikalia, na moyoni mwake kitu kikawaka ambacho hakikuzimika tena.

Pamoja na hayo, alipokuwa mwalimu alifundisha miaka mingi kama wengine wote wanavyofundisha. Watoto walikuwa wengi, vifaa hakuna, mtihani uko mbele. Aliandika ubaoni, wakanakili. Kilichomgeuza ni konokono. Ilikuwa asubuhi ya mvua, somo ni viumbe hai, na watoto walikuwa wameinamisha vichwa wakinakili kwamba konokono ana mwili laini na gamba gumu. Ukutani, chini ya ubao uleule, konokono alikuwa akipanda taratibu, ameacha njia inayong'aa nyuma yake. Hakuna mtoto aliyemwona. Hata yeye mwalimu alikuwa amekwisha kumpita mara mbili. Alipotanabahi alitupa chaki sakafuni, akawaambia wafunge madaftari yao na wasogee ukutani. Darasa lilikaa mbele ya konokono yule kipindi kizima, na kipindi kilichofuata, ambacho kilikuwa cha mwalimu wa hesabu, na huo ukawa ugomvi wake wa kwanza katika chumba cha walimu.

Tangu hapo kila mtoto wa darasa la nne alikuwa na daftari la pili, wakaliita daftari la macho. Kila Jumatatu walitoka nje, wakajipanga kando ya mfereji nyuma ya vyoo, au kwenye ukuta ambapo mchwa walijenga, au chini ya bomba linalovuja, na kila mmoja akachagua kitu kimoja cha kukaa nacho. Kwanza kukaa kimya. Kisha kuchora. Kisha kuandika mistari mitatu: nimeona, nadhani, najiuliza. Juu ya ukurasa tarehe, na kama kuna jua au mawingu. Hakuruhusu neno zuri wala baya. Mtoto aliyeandika kwamba mende ni mbaya alirudishiwa daftari na swali: mende ana miguu mingapi, na inatoka sehemu gani ya mwili wake? Kufuta kwa raba kulikuwa marufuku. Ukikosea unapiga mstari mmoja juu ya kosa, lionekane, ili kesho ujue jana ulifikiri nini.

Madaftari yale hayakuwa safi. Yalikuwa na matope, na mara moja bawa la nzige lililobandikwa kwa uji. Na yalikuwa na mambo yake. Mtoto mmoja aliandika: nimeona mwalimu mkuu amelala ofisini mdomo wazi, nadhani amechoka, najiuliza nzi akiingia atatokea wapi. Mwalimu Tazama alisahihisha tahajia na kuandika pembeni kwamba uchunguzi ni mzuri ila mchoro haupo. Bahati mbaya daftari hilo lilipita mikononi mwa mwalimu wa taaluma, na likafika kulikohusika.

Katika darasa hilo alikuwamo msichana mmoja ambaye wenzake walimwita Kifutio. Alipoingia darasa la nne alikuwa mtoto wa kuogopa kukosea. Alikuwa akiandika neno, analifuta, analiandika tena, analifuta, mpaka karatasi inatoboka. Mama yake, aliyekuwa dobi katika nyumba ya kulala wageni, alilalamika kwamba anamaliza raba kama pipi. Ilimchukua Mwalimu Tazama karibu muhula mzima kumzoesha kupiga ule mstari mmoja na kuendelea. Alipozoea, alianza kuona. Alikuwa na macho ya kukaa mahali pamoja.

Halafu yakaja maharagwe. Kila mtoto alipewa kikombe cha plastiki, pamba yenye maji na mbegu mbili, akaandika jina lake, akaweka dirishani. Nyingi ziliota. Za Kifutio zilikataa. Watoto wenzake walipoanza kuchora vijimizizi na majani mawili ya mwanzo, yeye alikuwa na mbegu zilizolala palepale. Siku ya kwanza aliandika kwamba hakuna kitu. Mwalimu akamwambia hakuna kitu si kitu cha kuandika, atazame. Akatazama. Akaandika kwamba ganda limekunjamana kama vidole vya mama akitoka kufua. Kisha kwamba maji ya kwenye pamba yamekuwa mazito. Kisha kwamba kuna harufu, na mbegu moja imeota nywele nyeupe fupi, na nywele zile si mizizi kwa sababu zinatoka kila upande na mizizi ya wenzake inatoka upande mmoja tu. Akajiuliza kama nywele zile zinakula mbegu, na kama zinakula, je, nazo ni kiumbe hai. Hakuna aliyemfundisha kuvu. Alikuwa ameikuta mwenyewe, kwenye kikombe cha mbegu zilizooza, na Mwalimu Tazama aliposoma ukurasa ule alitoka nje akasimama kidogo nyuma ya darasa, kwa sababu hakutaka watoto wamwone akifuta macho.

Muhula huo yalitangazwa maonesho ya sayansi ya shule za msingi. Afisa elimu angepita na wageni wake kukagua meza za kila shule, na vikombe vya ushindi vingetolewa. Mwalimu mkuu alikuwa mtu wa kupenda vitu vinavyong'aa. Funguo zake zilining'inia kiunoni, viatu vyake havikujua vumbi, na mawe yaliyozunguka maua mbele ya ofisi yake yalipakwa chokaa kila mwezi. Aliomba kuyaona madaftari ya macho. Alifungua matatu, akayafunga, akapangusa vidole kwa leso, akasema watazungumza.

Hawakuzungumza. Badala yake wiki iliyofuata Mwalimu Tazama alipewa barua ya kwenda semina ya siku chache katika mji wa jirani. Semina yenyewe ilihusu kufundisha watoto kwa vitendo na uchunguzi. Alikwenda kwa furaha, akakaa mbele, akaandika kila kitu, akabishana na mkufunzi wakati wa chai. Alirudi Ijumaa jioni akiwa na bango alilopewa, limekunjwa kwapani, na mipango kichwani.

Aliposhuka garini karibu na geti la shule alisikia njaa, akanunua karanga kwa mama aliyekuwa akiuza pale miaka yote. Alikula akitembea. Alipozimaliza alitaka kuikunja karatasi aitupe, na macho yake, ambayo hayakuwa na tabia ya kupita tu, yakaona mwandiko. Nywele zinatoka kila upande, ilisema karatasi. Chini yake palikuwa na mchoro wa mbegu, na mstari mmoja mnyoofu juu ya neno lililokosewa.

Akarudi. Alimuuliza mama karanga karatasi zile amezipata wapi, na yule mama, bila kujua ametia moto wapi, akamweleza kwamba mlinzi wa shule alimletea furushi zima juzi, aliambiwa na wakubwa zake ayatoe yale madaftari machafu. Mengi yalikuwa yamekwisha kwenda na wateja. Mwalimu Tazama alichukua yaliyobaki, karatasi chache zenye mafuta, akayaweka ndani ya lile bango la semina, akaenda nyumbani. Mumewe alimwona anaingia, midomo imefungwa, akazima cherehani. Alimsikiliza mpaka mwisho. Hakutania.

Jumatatu aliingia darasani. Kila dawati lilikuwa na daftari jipya lililofunikwa kwa karatasi ya kaki, lebo imeandikwa kwa rula. Alifungua la kwanza. Nimeona mbegu imeota siku ya tatu, mzizi ukaelekea chini na shina likaelekea juu. Alifungua la pili. Nimeona mbegu imeota siku ya tatu. La tatu, la nne, mstari mzima wa madawati, mpaka wa nyuma, maneno yaleyale, nukta palepale, na mchoro uleule wa mche wenye majani mawili yaliyolingana. Dirishani vikombe vilikuwa vimeoshwa, na ndani yake kumesimama miche yenye afya iliyonunuliwa kwa muuza miche. Miche yenyewe ilikuwa ya kunde. Hakuna aliyejali.

Watoto walimweleza bila kuficha, maana hawakujua kama kuna cha kuficha. Mwalimu wa taaluma alikuja na kitabu, akaandika ubaoni, wakanakili. Waliokosea walipewa ukurasa mpya. Kifutio alikuwa amenyoosha mkono kusema kwamba za kwake hazikuota, akaambiwa ziliota, aandike. Alipoinua mkono mara ya pili aliulizwa kama ana matatizo ya macho.

Siku hiyo Kifutio mwenyewe hakuwapo darasani. Alikuja baadaye, saa ya mapumziko, ameshikwa mkono na mama yake, ambaye alikuwa bado amevaa sare ya kazini yenye harufu ya sabuni. Mama yule alisalimia kwa adabu, akakataa kiti.

"Samahani, Mwalimu, nimeomba ruhusa kazini kwa ajili ya hili," alisema. "Mtoto ananiambia haoni vizuri. Anasema vitu anavyoviona havipo. Nimempeleka kliniki ya macho, tumekaa foleni tangu alfajiri, daktari anasema macho yake mazima kabisa. Sasa mimi nauliza, nani mwongo hapa? Daktari, mtoto, au shule?"

Kifutio alikuwa akitazama viatu vyake. Mkononi alikuwa na raba mpya.

Mwalimu Tazama alichuchumaa mpaka uso wake ukawa sawa na wa mtoto. Alimwambia kwamba kilichokuwa ndani ya kikombe chake ni kile alichokiona, na kwamba yeye mwalimu amekiona pia. Alimwambia mama shule ndiyo mwongo. Alilisema hilo kwa sauti yake ndogo, mlango wa darasa ukiwa wazi, na mwalimu wa hesabu aliyekuwa akipita barazani akaongeza mwendo.

Kisha akaenda ofisini kwa mwalimu mkuu, na hakubisha hodi.

Walioyasikia yaliyosemwa mle ndani ni wachache, kwa sababu hakuna aliyepaza sauti. Mwalimu mkuu alianza kwa upole. Alisema anajua mwenzake ana uchungu na kazi yake, lakini wageni hawaji kutazama maharagwe yaliyooza. Shule ina jina lake. Madaftari yalikuwa na tope, yalikuwa na makosa ya tahajia, yalikuwa na kinyesi cha panya kilichochorwa na kupigiwa mishale. Watoto wamepewa faida, wamejifunza hatua sahihi za uotaji, mtihani hautawauliza kilichotokea kwenye kikombe cha fulani.

"Wameandika nimeona," alisema Mwalimu Tazama. "Ungewaambia waandike tumesoma, nisingekuja hapa. Kuna mtoto huko nje amepelekwa kwa daktari wa macho kwa sababu shule yako imemwambia haoni. Umechukua darasa zima ukalifundisha kutoa ushahidi wa uongo, na bado hawajajua kugawanya."

Mwalimu mkuu alizishika funguo zake kiunoni, akaziachia. Akamwuliza kama anajua ni nani anayeandika mapendekezo ya uhamisho katika shule ile. Mwalimu Tazama akajibu kwamba anajua, na kwamba mikono inayotetemeka ni yake yeye, lakini aliye na hofu ni mwingine. Akatoka.

Katika chumba cha walimu hakupata mtetezi. Mwalimu wa hesabu alimwambia, tena kwa nia njema, kwamba amebakiza miaka michache astaafu, ameze tu. Mwingine akasema ukweli wa mambo ni kwamba mzazi anataka alama, hatakuja kumuuliza mtu habari za kuvu. Jambo hilo lilimkera kuliko vitisho, kwa sababu kwa upande mmoja lilikuwa kweli.  Alirudi nyumbani akaosha vyombo vilivyokuwa safi.

Mumewe ndiye aliyemuuliza kama ataenda kwenye maonesho. Alisema ataenda. Akamuuliza kama atawapeleka watoto waseme. Alikataa papo hapo. Alisema watoto wameshatumiwa mara moja, hawatatumiwa ya pili, hata kwa ajili ya haki.

Siku ya maonesho ukumbi ulipambwa, meza zikafunikwa vitambaa. Meza ya shule yao ilikuwa safi kuliko zote. Afisa elimu, mtu mnene mwenye uso wa huruma, alifungua daftari moja, akaitikia kwa kichwa kwa kuridhika, akalionyesha kwa mgeni wake. Akasema hii ndiyo kazi ya mikono ya watoto. Hapo Mwalimu Tazama, aliyekuwa amesimama nyuma ya meza kwa amri, alisogea mbele.

"Mheshimiwa, fungua na la pili," alisema.

Afisa akafungua.

"Na la tatu."

Akafungua. Alisoma kidogo, akarudi kwenye la kwanza, akasoma tena. Kila aliyekuwa karibu aliona kwamba ameelewa. Mwalimu Tazama akamwambia kwa maneno machache kwamba hakuna mtoto aliyeona kilichoandikwa mle, kwamba waliyoyaona yamefungiwa karanga, na kwamba hata miche ile si maharagwe. Akatoa karatasi moja yenye mafuta akaiweka juu ya kitambaa cheupe.

Afisa elimu aliitazama karatasi. Kwa muda mfupi ilionekana kama ataiokota. Kisha akamtazama mwalimu mkuu, akamtazama mgeni, akacheka kicheko cha mtu aliyekanyagwa mguu kanisani, akasema walimu wetu wana moyo sana wa kazi, na akahamia meza ya jirani. Mchana, matokeo yaliposomwa, shule yao ilikuwa ya pili. Walipewa kikombe. Watoto walipiga makofi mpaka viganja vikawa vyekundu, na hakuwa na haki ya kuwanyima furaha yao. Alisimama palepale, akipiga makofi kwa ajili yao.

Uhamisho haukuja. Kilichokuja kilikuwa kidogo na kibaya zaidi. Alinyang'anywa sayansi ya darasa la nne, akapelekwa darasa la kwanza, watoto wasiojua hata kushika kalamu, darasa ambalo walimu waliliita jela. Mwalimu mkuu alidhani amemkomoa. Kwa sehemu alikuwa amefanikiwa, ingawa si kwa njia aliyoitarajia, kwa sababu watoto wa darasa la kwanza walimpenda na yeye akawapenda. Walichora siafu kwa chaki sakafuni, siafu wenye meno na nyusi, na hakuna aliyekuwa amewaambia bado kwamba siafu ni lazima awe namna gani.

Kilichomuumiza kilikuwa dirisha la darasa la nne. Njia ya kwenda bombani ilipita hapo. Siku moja, karibu na mwisho wa muhula, alipita akamwona Kifutio amekaa dawati la mbele, ananakili kutoka ubaoni. Mwandiko wake ulikuwa umekuwa mzuri mno, herufi zimelala upande mmoja kama nyasi. Nje ya dirisha, karibu kabisa na kiwiko chake, nyigu alikuwa akijenga kiota cha udongo kwenye fremu, anakuja na donge, anaondoka, anarudi. Mtoto hakugeuza kichwa.

Mwalimu Tazama aliacha ndoo yake pale njiani akaenda moja kwa moja ofisini. Aliomba arudishiwe darasa la nne. Akakataliwa. Jumatatu iliyofuata akaenda tena, akaomba vipindi viwili tu. Akakataliwa. Akaenda Jumatatu nyingine. Hakutukana, hakulia, hakukaa kitini. Alisimama mlangoni, akasema ombi lake kwa sauti ileile, akasubiri jibu, akaondoka. Mwalimu mkuu alijaribu kumkwepa kwa kuchelewa kufika Jumatatu, akamkuta barazani anamngoja na watoto wa darasa la kwanza wamejipanga nyuma yake wakimwamkia kwa pamoja. Mwishowe mtu yule alichoka. Alimwambia achukue kipindi cha mwisho cha Ijumaa, ambacho hakuna mwalimu aliyekitaka kwa sababu watoto wanakuwa wanawaza nyumbani. Mwalimu Tazama alikichukua. Hakusema asante.

Ijumaa hiyo aliingia darasa la nne na karatasi za kaki ambazo mumewe alikuwa akikatia vielelezo vya nguo, akazigawa, akawaambia waandike wanachokiona. Hakuwatoa nje. Alitaka kwanza waanzie pale walipo.

Wote wakachukua kalamu. Wote wakatazama ubao. Ubao ulikuwa mtupu.

Walisubiri. Kalamu zilikuwa hewani. Kisha mtoto mmoja akauliza kwa heshima, "Mwalimu, tuandike nini?"

Akarudia kwamba waandike wanachokiona. Wakamtazama mkono, kama utachukua chaki. Mtoto wa nyuma alianza kulia kimyakimya kwa sababu alidhani amepitwa na kitu ambacho wenzake wanakijua. Watoto hawahawa, miezi michache iliyopita, walikuwa wakigombania konokono wa kuchora. Mwalimu Tazama alihisi hasira ikipanda tangu miguuni, hasira ambayo hata yeye, aliyezoeana nayo tangu utotoni, hakuwahi kuionja. Alishika ukingo wa meza. Alijua akifungua mdomo atapasuka, kwa hiyo akawaacha, na kipindi kikaendelea kuisha.

Ndipo Kifutio akaanza kuandika. Aliandika polepole, anainua kichwa, anamtazama mwalimu, anainama tena. Alipomaliza alileta karatasi yake mbele mwenyewe, bila kuitwa, akaiweka mezani.

Ilisema: Leo kuna mawingu. Nimeona mwalimu amekasirika. Mikono yake inatetemeka na mshipa wa hapa umesimama. Nadhani hajatukasirikia sisi kwa sababu anamtazama anayelia kwa huruma. Najiuliza amemkasirikia nani.

Palikuwa na mchoro wa mshipa. Ulikuwa mahali pake hasa, kwenye shingo, upande wa kushoto.

Mwalimu Tazama alisoma mara mbili. Kisha akavuta kiti, akakaa mbele ya darasa, na akafanya jambo ambalo hakuna mtu mzima katika shule ile aliyekuwa amelifanya. Aliwajibu. Aliwaambia madaftari yao ya macho hayakupotea wala hayakuhifadhiwa, bali yalitolewa yakafungiwa karanga. Aliwaambia waliyoyaandika ndani yake yalikuwa kweli, yote, pamoja na makosa yaliyopigwa mstari, na kwamba yale waliyonakili yalikuwa kazi ya mtu ambaye hakutazama vikombe vyao hata mara moja. Aliwaambia waliambiwa waandike nimeona mahali ambapo hawakuona, na kwamba kosa hilo lilikuwa la watu wazima. Hakumtaja mtu. Hawakuhitaji.

 Aliyekuwa akilia aliacha. Mvulana mmoja wa katikati alinyoosha mkono, akauliza kama yale yaliyofungiwa karanga yalikuwa pamoja na ukurasa wake wa kinyonga. Mwalimu akasema hajui, pengine. Mvulana alifikiri kidogo, uso ukaanza kubadilika, nyusi zikakutana, na akasema alikaa na yule kinyonga jua lote. Msichana wa pembeni yake akasema yeye alikuwa na kurasa nane za mchwa. Mwingine akasema mama yake alimuuliza daftari liko wapi akamwambia limechukuliwa na serikali. Sauti zikapanda. Ilikuwa mara ya kwanza kwa watoto wale kukasirika kwa jambo lililowahusu, na hawakujua wafanye nini na hasira yenyewe, wengine wakagonga madawati, wengine wakacheka.

Aliwaacha waseme mpaka walipochoka. Kisha akawaambia wageuze karatasi. Safari hii hakuna aliyetazama ubao. Kengele ya kwenda nyumbani ililia, ikalia, mlinzi akaja kuchungulia mlangoni kujua kulikoni, akakuta darasa zima limeinama.

Mwalimu mkuu alipata habari Jumatatu, akamwita, akamwuliza kama ni kweli amewaambia watoto mambo ya ofisi. Mwalimu Tazama akasema ni kweli. Walitazamana. Mwalimu mkuu ndiye aliyeanza kupanga makaratasi mezani.

Kipindi cha Ijumaa hakikufutwa, na hakuna aliyewahi kumwambia kwa nini.